Mguu wa Kakakuona

Isidore wa Kibua alikuwa na mfereji kwenye paji la uso. Hakuzaliwa nao. Ulichimbwa na kamba ya mzigo, ile kamba pana ya gome ambayo wachukuzi wetu huipitisha kichwani ili mzigo ukae mgongoni na mikono ibaki huru kushika fimbo. Alianza kubeba akiwa na miaka kumi na mitatu, wakati wa Wabelgiji, na bendera ilipobadilishwa alikuwa anakaribia arobaini. Mvua ikimnyeshea, maji yalifuata mfereji ule kwanza kabla ya kushuka mashavuni. Watoto walipenda kupitisha kidole humo. Aliwaacha.

Kazi yake ilikuwa hii: kununua mafuta ya mawese na nyama iliyokaushwa kwa watu wa msituni, kubeba siku mbili na zaidi hadi soko la Masisi, na kurudi na maharagwe na chumvi. Hakujua kusoma. Lakini bei alizikumbuka kama wengine wanavyokumbuka majina ya babu zao. Alijua bidoni ya mawese, dumu zima, iliuzwa ngapi mwaka alipokufa mtoto wake wa kwanza, na chumvi ilipanda kiasi gani mwaka uliofuata. Mkewe Euphrasie alikuwa akisema kwamba ukimpasua kichwa utakuta soko zima limekaa ndani, na wachuuzi wangali wanabishana.

Wakati wa Wabelgiji maneno ya kutoa yalikuwa machache: kodi ya kichwa, faini, na kiboko kwa asiyekuwa na kimojawapo. Yalikuwa maneno ya uonevu, lakini mtu aliyajua yote. Sisi tuliokuwa shuleni mwaka ule wa uhuru tuliimba kwamba yataondoka. Walioondoka ni wenyewe waliotuwekea. Maneno yalibaki, yakazaa.

Nusu siku kutoka Kibua kuna daraja la miti. Mwaka wa pili wa uhuru likawekwa bariere, yaani mti mmoja mrefu uliolazwa njiani juu ya mihimili miwili, na kando yake kibanda cha majani, meza, muhuri, na karani aitwaye Séraphin. Séraphin alitoka mjini. Alivaa kofia ya serikali na viatu vyeusi vilivyong'aa hata wakati wa matope, kwa sababu zamu wake, yaani mlinzi, kijana wa kijiji cha karibu, alivipangusa kila asubuhi. Séraphin hakupiga mtu wala hakupaza sauti. Alikuwa na maneno tu.

Wiki ya kwanza kila mchukuzi alilipa takse, kodi kwa jina jipya. Wiki iliyofuata takse ilibaki, ikaongezwa drua ya kupita, yaani haki ya njia. Kisha ikaja fre ya daraja, gharama yake, ingawa daraja lile lilitengenezwa na wanaume wa Kibua kwa mikono yao. Ikaja takse ya soko, na soko lilikuwa mbali siku mbili. Aliyeuliza swali alilipa amande, ambayo ni faini iliyovaa viatu. Aliyenyamaza aliombwa matabishi, yaani bakshishi, kwa sababu alionekana mtu mwema. Na mwenye nyama alikatiwa mguu mmoja.

"Nyama haipite hapa na miguu ine," Séraphin alikuwa akisema, na zamu alicheka kwa sababu alilipwa kucheka.

Isidore alikuwa na kamba nyembamba aliyoiweka kiunoni. Kila lilipokuja neno jipya alifunga fundo. Mwishoni mwa mwaka ule mafundo yalikuwa sita.

Sasa nieleze kuhusu Léontine. Alikuwa binti pekee aliyebaki kwa Isidore, mwenye miaka kumi na miwili, na mwalimu wa kapela, kanisa dogo la Kibua, alikuwa amemaliza yote aliyokuwa nayo ya kumfundisha. Masista wa Masisi walikuwa na shule ya wasichana. Nafasi zilikuwa chache, na majina yalifungwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa sita mchana. Aliyefika na minervali, yaani karo, aliingia. Minervali ilikuwa faranga mia tano. Isidore alipiga hesabu yake: bidoni moja ya mawese mia mbili na hamsini, nyama ya nguruwe wa porini mia tatu. Alibeba vyote viwili kwa safari moja, mzigo ambao watu wawili wangeugawana, na Léontine alitembea mbele yake na mkeka wake kichwani.

Walifika darajani Jumanne.

"Papa Isidore," alisema Séraphin, "leo umebeba kijiji muzima."

"Nimebeba minervali ya mutoto."

"Minervali. Neno muzuri hiyo. Nani alikufundisha?"

"Masista."

"Basi na mimi nikufundishe ingine. Kosyo."

Isidore aliteremsha mzigo polepole. "Kosyo njo nini?"

"Njo kitu unaacha hapa, juu nijue utarudi."

"Niko na muke Kibua. Niko na nyumba. Nitarudia wapi ingine?"

"Bote banasema vile." Séraphin alikuwa amekwisha kukata mguu wa nyama, na sasa alipiga bidoni kwa kidole kusikia kama imejaa. "Hauna franga, naona. Hii itatosha. Ukipita Jumamosi utaikuta."

"Ijumaa njo mwisho ya majina kule shuleni, Bwana karani. Bila mafuta sitafikisha."

"Basi sema na masista. Mimi si sista."

Zamu alicheka. Léontine alikuwa amesimama na mkeka wake kichwani, akimwangalia baba yake, na baba yake hakumwangalia.

Masisi walifika Alhamisi. Nyama ya miguu mitatu iliuzwa mia mbili na ishirini. Isidore alizunguka soko lote akikopa, yeye ambaye hakuwahi kukopa hata chumvi, na wachuuzi waliomjua miaka ishirini walimwonyesha mifuko yao mitupu. Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya sista mwenye orodha. Sista alimngoja mpaka kengele ya saa sita, na hata kidogo baada yake. Kisha akaandika jina la msichana mwingine aliyekuwa amekaa langoni na baba yake tangu alfajiri.

Léontine alikuwa amekwisha kuutandaza mkeka wake katika bweni, mahali alipoonyeshwa kwa muda. Aliambiwa aukunje. Aliukunja vizuri, ukingo kwa ukingo, akatoka.

Kutoka Masisi hadi darajani ni siku mbili hata kwa mtu asiye na mzigo. Walifika Jumapili jioni, jua bado liko juu ya miti.

"Nilisema Jumamosi," alisema Séraphin. "Leo ni Jumapili. Kosyo imekufa."

"Bidoni iko wapi?"

"Iliuzwa. Kuchelewa iko na amande yake, Papa. Ni sheria."

 Isidore alitoa kamba kiunoni akafunga fundo la saba. Alilivuta kwa meno.

Njiani Léontine alisema neno moja tu. Aliuliza kama mwaka ujao angekuwa mkubwa mno. Baba yake akamjibu kwamba mkeka haukui.

Wako watu watakaosema kwamba mchukuzi wa Kibua alipaswa kwenda kwa wakubwa, akapeleka malalamiko yake kwa njia ya heshima. Watu hao hawajawahi kusimama mbele ya meza yenye muhuri wakiwa na matope magotini. Ningependa kuwaona. Isidore alikwenda. Alikaa siku mbili nje ya ofisi ya mkuu wa posti ya serikali, na aliambiwa alete mkanda, yaani stakabadhi, unaoonyesha alichotozwa. Hakuwa na mkanda. Séraphin hakuandika kitu kamwe. Maneno yake yote yalikuwa ya mdomoni, na ya mdomoni hayana mashahidi isipokuwa maskini.

"Umeze, Papa Léontine," Euphrasie alimwambia. "Bote bamemeza."

"Sijameza," alijibu. "Niko nayo hapa kwenye shavu."

Alirudi kubeba. Alilipa kila neno. Alikuwa mpole mbele ya bariere hata wachukuzi wenzake wakamcheka, wakisema karani amempata mchumba. Alisikiliza zaidi kuliko zamani. Alijifunza kwamba Séraphin hali mihogo ya kuchemsha, kwamba anaogopa nyoka, kwamba anawaita watu wa msitu washenzi wakiwa hawapo na wakiwapo. Na alijifunza jambo moja lililokuwa la maana kuliko yote: mtu yule hakuweza kuliacha neno jipya likapita bila kulitoza. Ukimpa njia ya kukudai faranga kumi, atakudai, hata kama faranga hizo zinamnyonga.

Miezi mitano ilipita hivyo.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya, mtego wa Edmond ulinasa kakakuona. Edmond alikuwa ndugu wa Euphrasie, mwindaji mtulivu aliyesali kila Jumapili na aliyeshika pia mambo ya baba zake bila kuona ugomvi kati ya hayo mawili. Kwa watu wetu wa msitu, kakakuona si nyama. Ni mnyama wa mwami, mtawala wetu wa mila. Anayemnasa hamli, hamuuzi, hamrukii. Anamfunga kwa majani mabichi, anampeleka kwa mwami siku ileile, kamili, magamba yote, kucha zote, na mwami na wazee wake ndio wanaojua la kufanya. Kinachopungua kwake, mwenye kukipunguza atakijibu. Hata padri wetu alijua, na alipokutana na mzigo wa majani ya namna ile njiani alikaa pembeni.

Mwami alikaa ng'ambo ya mto. Tangu bariere iwekwe, watu wenye kitu cha mwami walipita kivuko cha juu, mahali maji yanapofika magotini, wakakwepa daraja.

Edmond alikuwa na kidonda mguuni, akamwomba shemeji yake ambebee. Isidore alimfunga mnyama yule kwa heshima yote, akamweka mgongoni, akapitisha kamba katika mfereji wake. Walipofika njia panda, Edmond aligeuka kuelekea kivukoni.

"Maji imejaa," alisema Isidore.

"Haijanyesha siku tatu, shemeji."

"Huku kwetu. Kule juu imenyesha."

Akashika njia ya darajani. Edmond akamfuata akichechemea.

Ilikuwa siku ya wachuuzi. Karibu na kibanda walikuwa wamekaa wanawake wa Nyamitaba na maharagwe yao, na kati yao Mama Adelaïde, mjane mnene mwenye sauti, ambaye kila mwezi alishuka na mbuzi wawili watatu wa kuuza kwa watu wa msitu.

"Nini iko ndani ya majani?" aliuliza Séraphin.

Isidore alisema kwa sauti ambayo wanawake wote waliisikia. "Kakakuona. Ni ya mwami, Bwana karani. Haigusiwe. Ikipunguka hata gamba moja, mwenye aliipunguza atajibu kwa mwami."

"Na mimi nitamujibu mwami wenu nini?"

"Sijui. Mimi nimekuambia. Ni ya mwami. Mama Adelaïde, umesikia nimemwambia?"

"Nimesikia," alisema Adelaïde, na akaacha kuchambua maharagwe.

Séraphin alitazama watu wote waliokuwa wakimtazama, na kofia yake ikamfanya aseme. "Mwami iko na nyumba yake kule. Mimi niko na bariere yangu hapa. Nyama haipite na miguu ine. Zamu, kisu."

Zamu hakucheka safari hii. "Bwana, acha hii," alisema. "Chukua mawese ya mwengine."

"Kisu."

Zamu aliweka kisu mezani, akaweka na fimbo yake kando ya kisu, akaenda kusimama ng'ambo ya njia. Kwa hiyo Séraphin alikata mwenyewe. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magamba, na damu kidogo iliruka kwenye kiatu kimoja. Edmond alikaa chini matopeni, mikono kichwani, kama mtu aliyeletewa habari ya kifo.

Isidore alingoja mpaka kazi ikaisha. Kisha akasema kwa upole, "Sasa uniandikie mukanda."

"Tangu lini unasoma?"

"Sisome. Lakini mwami ataniuliza mguu ilienda wapi. Asidani ni mimi niliikula."

Séraphin alifikiri. Hapo, nadhani, akili yake ilimwambia anyamaze. Lakini lile jambo lingine ndani yake lilikuwa kubwa zaidi. "Mukanda iko na fre yake," alisema. "Fre ya timbre, ya muhuri. Franga kumi."

Isidore alifungua kiganja. Faranga kumi zilikuwa tayari humo, zimelowa jasho tangu njia panda.

Karani aliandika vizuri, kwa mwandiko wa watu waliosoma: *Drua ya kupita. Kakakuona mmoja. Nimepokea mguu wa nyuma wa kulia.* Akaweka tarehe, akaweka muhuri, akatia saini yenye mkia mrefu. Jioni ile aliuchoma mguu akala peke yake. Zamu hakutaka, hata mbwa wa zamu alivutwa mbali.

Njiani Edmond alisema, "Kivuko ilikuwa kavu."

"Nilimwambia mara mbili. Ulisikia."

"Ulimwambia juu akate. Umenipitisha na mzigo yangu mudomoni mwa ule muntu juu ya bidoni yako ya mafuta."

"Si bidoni," alisema Isidore.

Edmond hakumwuliza ni nini, kwa sababu alijua. Lakini kwa mwaka mzima baadaye hakula nyumbani kwa dada yake.

Mwami alimpokea mnyama aliyepungua, akahesabu miguu mwenyewe. Mwandishi wake alisoma mkanda. Alisoma mara mbili. Edmond na Isidore waliulizwa, Mama Adelaïde na wanawake wake waliitwa, na Jumatatu Séraphin aliletwa. Alikuja na kofia yake. Alisema yeye ni mtumishi wa serikali, na mila za msitu hazimhusu. Mwami alimwuliza kama saini ile ni yake. Alisema ni yake.

"Basi mila haikukufuata," alisema mwami. "Wewe ulikuja kuitafuta na kisu."

Mkanda ukapelekwa kwa mkuu wa posti. Yeye alikuwa na orodha ukutani, na kwa daraja lile orodha ilikuwa na mstari mmoja tu: faranga tano kwa mzigo. Hapakuwa na mguu. Hapakuwa na timbre wala kosyo wala soko. Miaka miwili mstari ule ulikuwa umening'inia pale, na sisi tulikuwa tunalipa maneno saba. Mkuu alijibu kwamba mwami amalize ya kwake kwanza, halafu ofisi itaangalia ya kwake.

Hukumu ilikuwa hii. Mbuzi watano, wazima, wasio na kilema: mmoja kwa kila mguu wa kakakuona na wa tano kwa kichwa. Faranga hazipokelewi, kwa kuwa lililoharibika si jambo la faranga. Mwisho ni Ijumaa kabla jua halijazama, na kila siku itakayozidi inaongeza mbuzi mmoja. Mpaka hapo Séraphin asivuke daraja kwa upande wowote. Watu wawili wa mwami wakasimama na mikuki, mmoja huku, mmoja kule, na karani akakaa kibandani mwake katikati, nyuma ya mti aliokuwa amewalazia wengine.

Alikuwa na faranga. Alikuwa na debe zima chini ya kitanda. Lakini mbuzi walikuwa kwa nani? Upande ule wa msitu mbuzi ni wachache. Walikuwa kwa watu waliopita pale.

Mama Adelaïde alikuja Jumanne na mbuzi wawili kwenye kamba. Watu walimfuata kutazama.

"Ngapi?" aliuliza Séraphin.

"Mia mbili."

Alianza kuhesabu kwa haraka, akashusha pumzi.

"Ngoja, Bwana karani, usifunge debe. Mia mbili ni bei. Bado takse."

"Takse ya nini?"

"Ya mbuzi kupita hapa. Halafu kuko drua ya kamba. Mbuzi haipite bila kamba."

"Mama, usinichezee."

"Sikuchezee. Umeuliza, basi ni amande." Wanawake walikuwa wameshikana mabega. "Na hii ya pili ni mbuzi jike, iko na fre ya maziwa yenye haijatoka. Weye ulisoma, baba, piga hesabu."

Alilipa mia tisa kwa mbuzi wawili. Wa tatu alitoka kwa mchukuzi wa mawese, naye alidai takse ya soko, na alipoulizwa soko liko wapi alionyesha ardhi aliyosimama. Wa nne alitoka kwa zamu. Zamu alipokea bei kamili, akabaki amesimama, kiganja wazi.

"Nini tena?"

"Matabishi, Bwana. Miaka miwili nimecheka."

Wa tano hakuonekana popote: mbuzi waliobaki upande ule walikuwa wawili tu, na wote wawili walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba ya Isidore.

Ijumaa alfajiri Isidore alifika darajani mikono mitupu. Alikaa juu ya mti wa bariere, mahali ambapo hakuna mchukuzi aliyewahi kukaa.

"Papa Isidore," alisema Séraphin. Hakuwa amenyoa. Kiatu chenye damu hakikuwa kimepanguswa, kwa sababu hapakuwa tena na wa kukipangusa. "Nasikia uko na mbuzi."

"Niko nayo."

"Sema bei. Sema bei yoyote, na ile majina yote weka juu. Nitalipa."

"Mbuzi iko Kibua. Jumamosi utaipata."

Séraphin alimtazama. Ilichukua muda kidogo, kisha, kama nilivyoambiwa, uso wake ulibadilika kama maji yanavyobadilika wingu likipita. "Leo njo mwisho," alisema. "Unajua leo njo mwisho."

"Basi sema na mwami. Mimi si mwami."

Isidore aliondoka, akarudi Kibua. Euphrasie alimkuta nyuma ya nyumba akiwapa mbuzi majani.

"Ile bei anatoa leo inatosha minervali," alisema Euphrasie. "Inapita minervali. Peleka, tumalize. Unamuangalia Léontine? Anataka shule, hatake vita."

"Léontine alikunja mukeka."

"Najua. Nilikuwa mama yake hata siku ile."

"Basi ule muntu angoje siku moja. Mutoto anangoja mwaka."

Euphrasie akasema jambo ambalo Isidore alilikumbuka mpaka uzee wake. "Umekuwa na sauti yake. Ile ya pole pole."

Hata hivyo Isidore hakwenda. Jua la Ijumaa lilizama, na mtu wa mwami akachonga alama ya sita, ya mbuzi wa sita, kwenye fimbo yake.

Jumamosi alishuka na mbuzi wote wawili. Alitoa kamba yenye mafundo, akayafungua moja moja juu ya meza ile ya muhuri. Kwa kila fundo alitaja neno lake na bei yake: takse, drua, fre, soko, amande, matabishi. Katika hayo alitia bidoni ya mafuta, mguu wa nguruwe, na minervali ya mwezi wa tisa. Debe lilibaki na sarafu ambazo hazikufunika chini yake. Fundo la saba alilifikia, akalishika, hakulifungua.

"Na hii?" aliuliza Séraphin.

"Hii njo kosyo," alisema Isidore. "Hii utanipa nini?"

Karani alitazama debe. Isidore alirudisha kamba kiunoni.

Jumatatu iliyofuata ofisi ilimwondoa Séraphin. Alifika mwisho wa daraja kwa miguu, sanduku mkononi, na zamu, ambaye sasa ndiye aliyeshika bariere mpaka aje mwingine, alilaza mti mbele yake.

"Franga tano, Bwana. Njo sheria ya ukuta."

Hakuwa nazo. Watu wanasema aligeuka kutazama nyuma kama kuna mtu wa kumkopesha, akaona wanawake wa Nyamitaba.

"Basi acha kosyo," alisema zamu. "Ukirudi utaikuta."

Aliacha viatu.

Wengine husema Isidore alizidisha, kwamba mbuzi mmoja alitosha, kwamba Ijumaa ilitosha. Mimi sisemi hivyo. Mtu aliyefundishwa maneno saba hawezi kulaumiwa kwa kuyajua yote.

Mwezi wa tisa Léontine alipita pale na mkeka wake. Karani mpya alidai faranga tano, na wachukuzi wote waliokuwa mstarini walisema kwa pamoja, bila kupanga, "Andika." Akaandika. Léontine alimsomea baba yake karatasi ile, mstari mmoja, hakuna zaidi. Shuleni aliwekwa na wasichana waliokuwa wadogo kwake kwa mwaka, na magoti yake yaligusa ubao wa meza.

Lakini siku ile darajani, viatu vya Séraphin vilikuwa bado vimening'inia kwenye mhimili wa bariere, vimefungwa pamoja kwa kamba zake, vimeota ukungu. Isidore alisimama chini yake. Alishika kiuno, akapapasa fundo kama bado lipo. Kisha akamwambia binti yake watembee, siku ilikuwa Jumanne, na majina yalifungwa Ijumaa.